Kahawa Huonjwa, na Oili Je?

Mjini Moshi, ambako kahawa ya nchi hii imekuwa ikinadiwa kwa miaka mingi mbele ya wanunuzi wa karibu na wa mbali, hapana mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayetoa fedha yake kununua shehena ya kahawa kwa kuitazama rangi na kuishika kwa mkono tu. Buni hupitishwa kwanza katika chekeche, zikatengwa kwa ukubwa wake, hizi zikaitwa AA, hizi A, hizi B, na zile za mviringo zikawekwa peke yake. Kisha, kwa kuwa ukubwa wa buni si dalili ya utamu wake, sampuli huchukuliwa, ikakaangwa, ikasagwa, ikamiminiwa maji ya moto, na waonjaji waliofundishwa kazi hiyo wakaizunguka meza kijiko kwa kijiko, wakivuta na kutema, mpaka kila fungu likapata cheo kinacholistahili. Hayo ndiyo maarifa ambayo watu wa mlimani wameishi nayo tangu enzi ya KNCU, chama cha ushirika kilichoandikishwa mwaka 1933, na hakuna mzee wa Uru au Kibosho atakayekubali kahawa yake ihukumiwe kwa namna nyingine.

Walakini mzee huyo huyo, au mwanawe aliyerithi shamba na kununua Noah ya kubebea abiria, akishuka mjini kuitafutia injini yake oili, aghalabu huyaacha maarifa hayo mlangoni mwa duka. Humiminiwa oili kutoka katika pipa lililokwisha kufunguliwa, akaliinua kopo kulielekea jua, akaifikicha oili kati ya kidole gumba na cha shahada, akainusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akalipa. Injini ile thamani yake ni mavuno ya miaka kadhaa, na maisha yake yote yamo katika lita nne au tano za kitu alichokipima kwa vidole viwili.

Jicho ni shahidi dhaifu katika bidhaa nyingi, bali katika oili ya injini si shahidi kabisa. Sababu yake ni kwamba oili si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko ambao sehemu kubwa yake, aghalabu zaidi ya robo tatu, ni mafuta yaliyosafishwa kutoka katika petroli ghafi au yaliyoundwa viwandani, na sehemu iliyobakia ni dawa zilizotiwa kwa vipimo: madini ya kalsiamu au magnesiamu ya kuosha pistoni na kuua tindikali, dawa ya kuyatawanya masizi yasigandamane, misombo ya zinki na fosforasi ya kukinga chuma kisile chuma, dawa ya kuzuia oili isichache kwa joto na hewa, dawa ya kuzuia povu, na namna ya mpira ulioyeyushwa ambao huifanya oili isilegee mno inapopata moto. Dawa hizi zote hazina rangi ya kuzitambulisha. Mghushi akichukua oili chafu iliyomwagwa gereji, akaichuja, akaipausha kwa tindikali na udongo, akaitia rangi ya dhahabu na kuifungia katika kidumu cha kupendeza, atakuwa amepata kitu kinachong'aa mbele ya jua sawasawa na oili halisi, kinachoteleza vidoleni sawasawa na oili halisi, nacho hakina ndani yake hata dawa moja iliyo hai.

Ni vema kutazama oili hiyo inatakiwa kufanya kazi gani katika mazingira yetu. Gari linaloondoka katika tambarare za Arusha Chini, penye mashamba ya miwa ya TPC, likapita Moshi mjini na Himo, likakata kushoto kuelekea Marangu, hupanda kutoka kiasi cha mita 700 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,900 penye lango la hifadhi, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni gia ndogo, mzigo mkubwa na mwendo wa pole, hali ambayo injini hufanya kazi nyingi huku ikipata upepo mchache wa kujipooza. Ndani ya injini hiyo oili iliyo chini hufikia joto la nyuzi 100 na zaidi, na ile inayopita penye ringi za pistoni hukutana na joto linalozidi nyuzi 200. Na utando wa oili unaotenga krenki na beringi zake ni mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Wakati wa kiangazi vumbi la udongo wa volkeno huingia kila penye mwanya, na wakati wa kipupwe, mwezi wa Juni na Julai, ukungu unapoufunika mlima na watu wa Machame na Rombo wakajifunika makoti, kigari cha shambani kinachokwenda kilomita mbili sokoni na kurudi hakipati joto la kutosha kuukausha mvuke wa maji unaojikusanya ndani yake, hata ukifungua kifuniko cha oili ukakuta kitu cheupe mfano wa maziwa. Joto, vumbi, maji na tindikali: hao ndio maadui wanne, na mlima huu unao wote.

Sasa tuje kwenye vipimo. Kipimo cha kwanza, nacho ndicho watu wanachokijua kwa jina, ni ile namba. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kiliundwa mwaka 1905, na kufikia mwaka 1911 kilikuwa kimekwisha toa utaratibu wa kuzipanga oili kwa mnato wake, yaani kwa kadiri oili inavyokuwa nzito au nyepesi katika kutiririka. Namna ya kuupima mnato ni safi na ya kupendeza: oili hutiwa katika mrija mwembamba wa kioo uliopindwa mfano wa herufi U, mrija huo ukazamishwa katika beseni la kimiminika ambalo joto lake hushikiliwa lisipande wala lisishuke hata kwa sehemu mbili za mia za nyuzi moja, kisha huhesabiwa sekunde ambazo oili inachukua kushuka kutoka alama hadi alama kwa uzito wake yenyewe. Kwa joto la nyuzi 100 oili inayostahili kuitwa namba 40 sharti iwe na mnato usiopungua sentistoki 12.5 wala usiofika 16.3, ikipungua 12.5 inashuka katika namba 30, na ikifika 16.3 inaingia katika namba 50.

Zile oili zenye namba mbili, mathalan 15W-40 au 20W-50, zimepimwa mara mbili, kwa moto na kwa baridi. Herufi W ni ya majira ya baridi ya nchi za kaskazini, na namba iliyo mbele yake hueleza jinsi oili inavyokubali kuzungushwa na kusukumwa katika baridi ya kugandisha: ya 20W hujaribiwa kuzungushwa kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 15W kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haijulikani Moshi, wala Marangu, wala Tarakea. Labda dereva wa gari la uokoaji anayepanda barabara ya Shira hadi zaidi ya mita 3,400, akalala huko, ndiye atakayekutana alfajiri na barafu juu ya kioo cha gari lake.

Kutokana na hali hiyo kumezuka itikadi katika gereji zetu kwamba, maadamu nchi yetu ni ya joto, kila injini ipewe oili nzito, na kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyokuwa bora. Kwa injini kuukuu ya Fuso au Hiace ambayo kitabu chake kinataka namba 40 jambo hilo halina madhara. Bali gari dogo la siku hizi, ambalo njia za oili katika kichwa chake ni finyu, na ambalo vifaa vya kurekebisha valvu husukumwa kwa nguvu ya oili yenyewe, lililoandikiwa na mtengenezaji wake 5W-30 au hata 0W-20, hudhulumiwa likipewa oili nzito: asubuhi oili huchelewa kufika juu, na kila kuchelewa kuna msuguano wa chuma kwa chuma. Kitabu cha mtengenezaji kina haki ya kusikilizwa kabla ya mazoea ya mtaa. Hilo nalisema nikijua kwamba magari mengi hutufikia kutoka Japani vitabu vyake vikiwa vimeandikwa kwa maandishi tusiyoyajua, ila namba za oili zimeandikwa humo kwa tarakimu hizi hizi zetu, na mara nyingi zimechapwa hata juu ya kifuniko cha kutilia oili.

Namba, hata hivyo, ni chekeche tu. Hueleza uzito wa oili kama vile AA inavyoeleza ukubwa wa buni, wala haisemi neno juu ya kile kilichomo kikombeni. Ubora wenyewe umo katika zile herufi ndogo ambazo mnunuzi hazisomi, na ambazo muuzaji naye, kwa kuwa haulizwi, hajishughulishi nazo. Nenda duka lolote la spea karibu na stendi au Mbuyuni ukasikilize mazungumzo:

"Shikamoo, Mangi. Nipimie lita nne za namba arobaini."

"Marahaba, mdogo wangu. Ya bei gani?"

Huo ndio mtihani wote wa oili: namba na bei.

Asili ya herufi hizo inafaa kusimuliwa, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini oili haiwezi kuhukumiwa ikiwa chupani. Zamani ilidhaniwa kwamba oili njema ni oili safi, na kwamba kadiri ilivyosafishwa ndivyo ilivyofaa. Lakini injini za dizeli zenye nguvu zilipoingia kazini katika miaka ya 1930, matrekta ya Caterpillar yalianza kupata maradhi ya ajabu: ringi za pistoni ziliganda katika mifereji yake kwa masizi na lami, hata injini ikapoteza nguvu, ilhali oili iliyotumika ilikuwa nzuri kwa kila kipimo cha maabara kilichojulikana wakati ule. Mwaka 1935 kampuni ya Standard Oil of California ilitoa oili iliyotiwa dawa ya kuosha, ikaipa jina la Delo, na ringi zikaacha kuganda. Fundisho lililopatikana hapo halikusahauliwa tena: mnato, rangi na usafi vinaweza kuwa kamili, na oili ikashindwa kazi. Kwa hiyo wahandisi wakaamua kwamba oili isihukumiwe kwa kupimwa katika kioo peke yake, bali itiwe ndani ya injini halisi, injini iteswe kwa saa nyingi kwa kanuni moja isiyobadilika, kisha ifunguliwe kipande kwa kipande na kukaguliwa.

Ndivyo inavyofanyika hata leo. Katika maabara kubwa kama ile ya Southwest Research Institute katika mji wa San Antonio, Marekani, kuna vyumba ambamo injini hufungwa sakafuni na kuendeshwa usiku na mchana pasipo gari wala safari. Jaribio moja huichukua injini ya Chrysler ya lita 3.6 na kuiendesha saa 90 huku oili ikiwekwa katika joto la nyuzi 150 hivi, ili ijulikane oili itaganda kiasi gani na pistoni zitachafuka kiasi gani. Jaribio jingine, ambalo litawapendeza madereva wetu kulisikia, hutumia injini ya Toyota ya lita 1.5, ikaendeshwa saa 200 ikipandishwa na kushushwa mwendo maelfu ya mara, kisha hupimwa jinsi chuma kilivyolika penye kamshafti inapozisukuma valvu. Injini ikishafunguliwa, wakaguzi waliofunzwa huitazama kila pistoni na kuipa alama, kumi zikiwa za pistoni iliyobaki safi kama ilivyotoka kiwandani. Na wakaguzi hao, kama waonjaji wa kahawa, sharti macho yao yasahihishwe mara kwa mara wasije wakahitilafiana katika hukumu. Kuipitisha oili moja katika majaribio yote hugharimu fedha nyingi mno, na hapo ndipo tunapoona kwa nini mghushi hupenda kuiba herufi kuliko kuzitafuta kwa haki.

Taasisi ya petroli ya Marekani, API, iliyoanzishwa mwaka 1919, ndiyo inayotoa herufi hizo. Kwa injini za petroli herufi ya kwanza ni S, na ya pili hufuata alfabeti: kadiri ilivyo mbele ndivyo mtihani ulivyokuwa mgumu. SN ilitoka mwaka 2010, SP mwaka 2020, SQ mwaka 2025. Kwa injini za dizeli herufi ya kwanza ni C: CH-4 ilikuwa ya mwaka 1998, CI-4 ya mwaka 2002, CK-4 ya mwisho wa mwaka 2016. Na hapa pana jambo ambalo kila mwenye gari angepaswa kulijua: taasisi hiyo yenyewe imetangaza kwamba oili yenye herufi SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988, na kwamba CD haifai kwa injini nyingi za dizeli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1994. Vidumu vyenye SF na CD vimo madukani mwetu. Havina uwongo, kwa kuwa vimeandika waziwazi cheo chake. Lakini mtu anapoitia oili hiyo katika Noah iliyotengenezwa mwaka 2005 amefanya kosa ambalo kidumu chenyewe kilikuwa kikimwonya, lau angalikisoma.

Watengenezaji wa magari wa Ulaya wana chama chao, ACEA, kilichoundwa mwaka 1991, ambacho nacho huweka majaribio yake. Wajapani wana kanuni za JASO, na hizi zinawahusu vijana wa bodaboda kuliko mtu mwingine yeyote, ingawa ni wachache waliowahi kuambiwa. Pikipiki zao nyingi huoga oili moja kwa injini, gia na klachi. Oili ya gari dogo la kisasa huweza kuwa imetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa petroli; dawa hiyo ikifika kwenye klachi ya pikipiki, sahani zake huteleza badala ya kushikana, na kijana anayepandisha abiria na mkungu wa ndizi kuelekea Kibosho akaona pikipiki inalia lakini haiendi. Oili ya pikipiki itafutwe yenye alama ya JASO MA au MA2. Ni lita moja hivi tu inayohitajika, na tofauti ya bei haifiki gharama ya sahani za klachi.

Kazi ya maabara ya viwango, basi, si kurudia yale majaribio marefu ya injini, bali ni kuthibitisha kwamba oili iliyomo dukani ndiyo ile ile iliyofaulu. Mnato hupimwa kwa nyuzi 40 na nyuzi 100. Oili hupashwa moto katika kikombe cha wazi, ulimi mdogo wa moto ukapitishwa juu yake, ili lijulikane joto ambalo mvuke wake unawaka: oili halisi hupita nyuzi 200 ndipo imweke, na ile iliyochanganywa na mafuta ya taa au dizeli humweka mapema ikajifichua. Nguvu yake ya kuua tindikali hupimwa kwa kuititia tindikali tone kwa tone mpaka dawa yake imalizike. Na kipimo hiki kina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu tindikali hiyo hutokana kwa sehemu na salfa iliyomo katika dizeli, ambayo Afrika Mashariki iliipunguza kutoka sehemu 500 katika milioni hadi sehemu 50 kuanzia mwaka 2015. Mwisho oili hunyunyizwa katika moto mkali mno, na mwanga wake ukasomwa kwa chombo kinachotambua kila madini kwa rangi yake. Zinki na kalsiamu zikikosekana, dawa hazimo. Chuma, shaba na risasi vikionekana katika oili inayodaiwa kuwa mpya, hapana haja ya shahidi mwingine: oili ile imekwisha kuishi ndani ya injini ya mtu.

Nchi yetu haikukosa vyombo vya kulisimamia jambo hili. Shirika la Viwango, TBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, sheria iliyofanywa upya mwaka 2009, na maabara zake ziko Ubungo, Dar es Salaam. EWURA husimamia biashara ya petroli pamoja na vilainishi. Tume ya Ushindani huwaandama wenye kughushi alama za biashara. Tangu mwaka 2012 bidhaa nyingi za kigeni hutakiwa kukaguliwa huko huko zitokako kabla ya kupakiwa melini, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa sheria yake ya mwaka 2006 juu ya viwango, imewezesha alama ya ubora ya nchi moja iheshimiwe katika nchi nyingine, jambo lenye maana katika mkoa huu ambao Holili na Tarakea ni milango ya Kenya.

Lakini ulinzi huu wote unakilinda kidumu kilichofungwa, na hukoma pale lakiri inapovunjwa. Pipa la lita 208 likishafunguliwa, likatiwa pampu ya mkono, na oili yake ikauzwa kwa lita na nusu lita kwa wiki nzima au mwezi, hakuna aijuaye nasaba ya kile kilichomo. Huenda muuzaji ni mwaminifu, na wengi ni waaminifu. Bali hata mwaminifu hawezi kuapa kwamba pipa alilonunua kwa mtu wa kati halikujazwa upya njiani. Mimi naona oili ya kupima ndiyo jeraha kubwa la biashara hii. Wanaoinunua ni wale wasio na fedha za kidumu kizima, na hao ndio wasio na fedha za kununua injini nyingine pindi ya kwanza itakaponoki.

Dawa yake haihitaji uvumbuzi. API ina utaratibu wa kutuma watu kununua oili madukani kama wanunuzi wa kawaida na kuipeleka maabara, na kampuni ambayo oili yake haikulingana na cheo ilichoandika huweza kunyang'anywa leseni. Hapa kwetu serikali ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba, yaani alama ya siri ya kuyatambua mafuta halali, katika petroli na dizeli, na mkaguzi akiwa na chombo chake huweza kusimama penye pampu ya kituo cha mafuta na kupata jibu pale pale. Yaliyowezekana katika petroli yanawezekana katika oili: sampuli zichukuliwe mapipani, katika Moshi na Himo na Mkuu, mara nyingi na pasipo kupiga hodi, na matokeo yabandikwe mahali ambapo dereva atayasoma.

Juu ya oili iliyokwisha kutumika kuna mengi ya kusema, ila moja ndilo linalonikereketa. Watu huisifu oili inayobaki nyeupe baada ya kilomita elfu kadhaa, na kuilaumu inayogeuka nyeusi upesi. Katika injini ya dizeli hukumu hiyo imepinduka. Oili yenye dawa hai huyachukua masizi kutoka pistoni na kuyabeba yakiwa yametawanyika, nayo haina budi kuwa nyeusi. Oili inayobaki nyeupe katika dizeli iliyochakaa huenda inayaacha masizi yote mahali yalipo. Njia rahisi ya kupambanua ni kulidondosha tone moja la oili ya moto kutoka katika ufito wa kupimia juu ya karatasi nyeupe ya kuchujia na kuiacha ilale usiku. Doa likisambaa kwa rangi ya kijivu iliyolingana hadi pembeni, dawa ya kutawanya ingali hai. Likibakia donge jeusi katikati lenye ukingo mkali, na nje yake pete nyeupe, dawa imekufa na oili imwagwe. Tone jingine likitiwa juu ya bati la moto likapasukapasuka kwa sauti, maji yamo. Majaribio haya mawili fundi wa Pasua au Majengo huweza kuyafanya kwa gharama ya karatasi; bali asiyatumie kuitetea oili mpya, maana hayana uwezo huo.

Wenye mitambo ya migodini huenda mbali zaidi: kila baada ya saa kadhaa za kazi hupeleka kichupa cha oili maabara, na kwa madini yaliyomo wakajua ugonjwa wa injini kabla haujasikika. Chuma kikizidi, silinda au krenki inalika. Risasi na shaba, ni beringi. Kromiamu, ni ringi. Na silikoni ikipanda ni vumbi, kwa hiyo chujio la hewa limepasuka au limefungwa vibaya. Lau magari yanayopeleka wageni hadi Londorossi wakati wa kiangazi yangalipimwa hivyo, naamini machujio mengi yangalibadilishwa kabla ya injini.

Na ile oili chafu yenyewe, baada ya kumwagwa, iende wapi? Nyingine hupakwa mbao kuzuia mchwa, nyingine humwagwa chini, na katika mitelemko yetu hakuna pa chini isipokuwa mfongo, ule mfereji ambao wazee wa Kichagga waliuchimba kwa mikono ili maji ya msitu yafike migombani na majikoni. Oili iliyotumika ina metali na sumu zinazohesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Gereji iliyo juu ya mfongo inawanywesha walio chini yake. Nyingine, na hii ndiyo inayorudi katika hoja yangu, hununuliwa na watu wanaopita na magaloni, wasiosema wanaipeleka wapi. Gereji inayouza oili chafu kwa asiyejulikana haina haki ya kushangaa ikija kuuziwa oili mpya yenye chembe za chuma.

Mpaka siku ambayo wakaguzi watafika mara kwa mara, mnunuzi anaweza kufanya haya. Anunue kidumu kizima chenye lakiri, na kama fedha haitoshi, wenye magari wawili wachangie kimoja na kukifungua pamoja, asome namba, kisha asome herufi, azilinganishe na mwaka wa injini yake, atafute katika orodha ya API iliyo wazi katika intaneti kama kampuni iliyoandika herufi hizo imepewa leseni, adai stakabadhi. Vyama vya wenye Noah na Hiace, ambavyo hukusanya michango ya misiba na faini za stendi, vinaweza kukusanya pia fedha ya kupima oili ya duka linalowauzia wanachama wengi. Na kidumu kikishamiminwa kisitupwe siku hiyo: kiwekwe pamoja na stakabadhi yake mpaka safari ya kumwaga oili ijayo, kwa sababu namba ya toleo iliyochapwa ubavuni mwake, pamoja na oili kidogo iliyobakizwa ndani yake na kufungwa vizuri, ndiyo itakayopelekwa katika ofisi ya TBS ya Kanda ya Kaskazini, Arusha, iwapo kutakuwa na malalamiko.